Siku Themanini na Nne za Rukia

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mtoto kabla sijapewa chai. Nilikuwa nimeshuka basi kutoka Maramba, kifurushi cha nguo bado kipo kwapani, nikabisha hodi kwa Mwalimu Mkuu mmoja pale Ngamiani. Mkewe akafungua mlango, akanitazama toka kichwani hadi miguuni, kisha akanitia mikononi kitoto cha miezi minne kilicholowa.

"Mbadilishe winda," akasema, akarudi jikoni.

Sikujua winda ni nini. Kwetu, kwenye kambi za wafanyakazi wa mashamba, tulisema nguo ya mtoto tu. Winda ni kile kitambaa kinachopitishwa katikati ya miguu na kufungwa kiunoni. Ninyi wa siku hizi mna nepi za dukani, hamjui mateso yake. Nililifunga vibaya, likaanguka mara mbili, na mara ya tatu mama mwenye nyumba akaja akanionyesha bila kunikemea. Akanifundisha pia kumshika mtoto shingo, kutogusa utosi kabla haujafunga, na kumweka begani baada ya kunyonya na kumpigapiga mgongoni mpaka acheue. Alisema mtoto asiyecheua ndiye anayelia saa nzima watu wakidhani amelogwa.

Hiyo ndiyo shule yangu. Jina langu ni Skolastika, ila Tanga nzima inayonijua inaniita Bibi Skola. Nimekuwa yaya tangu nikiwa msichana wa miaka kumi na saba hadi nilipofika miaka ya kuitwa bibi kweli. Naandika haya kwa ajili yenu mnaoitwa dada wa kazi sasa, kwa sababu wengi mnanijia kuuliza juu ya jambo moja: ukishika mimba, kazi yako inakuwaje?

Kwa Mwalimu Mkuu nilikaa miaka minne. Alipohamishwa, mkewe alinipeleka mwenyewe kwa Bwana Mkaguzi, Chumbageni, nyumba ya ghorofa yenye ngazi nyingi. Hapo nilimlea binti anaitwa Fausta tangu akiwa na wiki tatu. Niliolewa nikiwa bado kwenye nyumba ile, na dereva wa trekta wa shambani kwetu, na mwaka uliofuata nikapata ujauzito.

Nilificha kadiri nilivyoweza. Zamani wote tulificha. Nilipofika mwezi wa sita Mama Mkaguzi aliniita sebuleni. Alikuwa ameshakunja doti mbili za kanga mpya na kuweka nauli juu yake.

"Skola," akasema, "ngazi za nyumba hii utaanguka nazo. Nenda kwenu ukajifungue, Mungu akujalie salama."

"Nitarudi lini, mama?"

"Ukishapata nafuu, pita."

Neno lile "pita" nililibeba hadi Maramba kama ahadi. Nilimzaa Anastazia, nikamnyonyesha miezi minne, nikamwachia mama yangu, nikarudi Tanga. Mlango wa Chumbageni ulifunguliwa na msichana wa rika langu. Fausta alikuwa kiunoni mwake, ameshika kanga yake kwa mkono ule ule aliozoea kushika yangu.

"Unamtaka nani?" msichana akaniuliza, kwa adabu kabisa.

Fausta alinitazama kama anavyotazamwa muuza samaki. Nikasema, "Samahani, nimepotea nyumba." Nikashuka ngazi, matiti yamejaa maziwa, blauzi imelowa, na sikulia mpaka nilipofika barabarani.

Mama Mkaguzi sikumchukia. Hakuwa mtu mbaya. Zama zile hakuna aliyewahi kusikia likizo ya uzazi ya yaya. Likizo ilikuwa ya walimu, ya wauguzi, ya makarani. Sisi tulikuwa watu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hana barua. Nikatafuta nyumba nyingine, kisha nyingine, nikalea watoto wa Daktari, wa Mzee wa Kanisa, wa Meneja wa duka la vipuri. Mimba yangu ya pili nilijifungua nikiwa sina kazi kabisa. Mtoto yule hakukaa. Hapo sitaongeza neno.

Magoti yalipoanza kunisumbua niliacha. Nilikuwa nimekodi chumba Ngamiani, asubuhi nakaanga vitumbua, mchana nalala. Nilidhani kazi nimeimaliza. Ndipo akaja Afisa Utumishi.

Huyu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, anafanya kazi kwenye ofisi moja kubwa mjini. Kazi yake ni kuandikia watu barua: za ajira, za kupandishwa cheo, za likizo. Mumewe fundi wa mitambo, wiki mbili yuko safarini, wiki moja nyumbani. Walikuwa na mtoto mmoja, Nasra, mwaka mmoja na miezi miwili. Aliniamkia shikamoo, akakaa kwenye kigoda changu na sketi yake ya ofisini, akaeleza shida yake.

"Msichana wangu Rukia ni mjamzito. Anakwenda likizo ya uzazi siku themanini na nne. Nimeambiwa wewe ndiye yaya wa kuaminika, basi nakuomba umshikie nafasi yake."

"Anakwenda likizo," nikasema. "Na mshahara je?"

"Wake unaendelea. Na wewe nitakulipa wako."

Nilidhani ananitania. Nikamwuliza mara ya pili, akacheka, akatoa kwenye mkoba karatasi mbili zilizobanwa pini. Ulikuwa mkataba wa Rukia. Alipomwajiri, aliona haya yeye anayewaandikia wengine mikataba kuwa na mfanyakazi asiye na mkataba, akachukua fomu ya ofisini kwake, akabadilisha majina. Kipengele cha uzazi kilibaki humo kama kilivyo ofisini. Na Rukia, aliyemaliza kidato cha nne, alikisoma. Alipojua ana mimba hakuficha. Alikwenda kliniki, akapata karatasi ya daktari yenye tarehe ya kutarajia kujifungua, akamkabidhi mwajiri wake miezi mitatu kabla, kama sheria inavyotaka. Zingatieni hilo, wanangu. Sisi tulificha matumbo tukadhani tunalinda kazi. Yeye mimba yake aliiweka hadharani, akailinda kazi.

Nikakubali. Nilitaka pia kumwona huyo msichana.

Rukia alikuwa mtu wa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, mwembamba, tumbo limemtangulia, sauti ya chini. Mumewe baharia mdogo kwenye meli za mizigo. Tulikaa pamoja wiki moja ya kukabidhiana mtoto, jambo ambalo katika maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kulifanya. Zamani yaya mmoja alitokea mlango wa nyuma, mwingine akaingia wa mbele, na mtoto akaachwa kujua mwenyewe. Rukia alinionyesha uji wa Nasra unavyochujwa, wimbo anaoutaka akioga, na namna anavyosugua sikio akiwa na usingizi. Siku ya mwisho, tukianua nguo, akaniambia akitazama chini:

"Bibi, nina ombi. Usimbebe mgongoni. Mlaze, mpakate, mtembeze, fanya yote. Ila mgongoni niachie. Nikirudi na mimi nikute kitu changu."

"Nimekuahidi," nikasema.

Akaondoka kesho yake na basi la Pangani.

Nililishika neno langu majuma matano. Kisha Nasra akapata homa ya magego. Mchana mmoja alilia kuanzia adhuhuri, hataki maziwa ya chupa, hataki kupakatwa, anajikunja kama upinde. Mama yake yuko kwenye kikao, simu haipokelewi. Nilimpa dawa aliyoandikiwa, nikamfuta kwa kitambaa cha maji, nikaimba mpaka sauti ikanikauka. Alasiri, nikachukua kanga, nikamtia mgongoni, nikafunga mbeleko. Alinyamaza palepale. Akalala na shavu lake la moto kwenye bega langu, nami nikazunguka ua ule mpaka mama yake aliporudi.

Kuanzia siku ile Nasra alikuwa wangu. Akiamka ananitafuta mimi. Mama yake akitoka kazini, mtoto anampa shavu kisha anarudi kwangu. Nisiseme uongo, nilifurahi. Mwanamke wa umri wangu, ambaye mikono yake ilikuwa imekaa muda mrefu bila mtoto, kuchaguliwa hivyo ni jambo kubwa.

Zikiwa zimebaki kama wiki mbili likizo iishe, Afisa Utumishi alinikuta jikoni.

"Bibi Skola, keti. Nimefikiri sana. Rukia atarudi ana mtoto mchanga. Sheria inampa saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Atakuwa hajalala. Nasra amekuzoea wewe, juzi nimemtajia jina la Rukia hata hakugeuka. Nataka ubaki moja kwa moja. Chumba cha nyuma ni chako, uache kulipa kodi Ngamiani. Rukia nitamlipa siku zake zote, na mwezi mmoja wa juu. Simdhulumu."

Nilitazama kile chumba cha nyuma. Kilikuwa na dirisha na kitanda cha chuma. Nilifikiri juu ya magoti yangu na moshi wa vitumbua.

"Sawa, mama," nikasema.

Ndiyo, nilisema sawa. Ningeweza kuwaandikia kwamba nilikataa papo hapo, na hakuna ambaye angejua. Lakini nilisema sawa, tena haraka.

Ofisini kwao barua hukabidhiwa mkononi, na mpokeaji husaini nakala. Afisa Utumishi aliandika barua ya Rukia kwa taratibu hizohizo. Rukia alikuwa amejifungua wiki ya sita ya likizo na bado hajatoka arobaini, yaani zile siku za kukaa ndani baada ya kuzaa, hivyo hakuweza kuja mjini. "Jumamosi nitakaa na Nasra mwenyewe," Afisa akaniambia. "Wewe nenda Bweni, mpe pole na hongera yake, umpe na hii. Akisaini unirudishie nakala."

Nikapanda basi hadi Pangani, nikavuka mto na pantoni, nikaulizia nyumba yao. Mama yake alinipokea kwa kunde na wali wa nazi, akaniingiza chumbani. Rukia alikuwa amejipaka liwa, ule unga wa mti wa kunukia, amekonda usoni, mtoto wa kiume yuko ubavuni mwake, amefungwa vizuri kama mkate.

"Shikamoo bibi! Umekuja kumwona mjukuu wako! Nasra hajambo? Magego yametoka?"

"Marahaba. Yametoka mawili."

Kabla sijasema lolote akaanza kunieleza mipango. Dada yake amepata chumba Makorora, mwendo wa dakika kumi kutoka kwa Afisa Utumishi. Mtoto atashinda kwa dada, naye mchana atakwenda kumnyonyesha na kurudi. Alikuwa ameshaanza kukamua maziwa kidogo kidogo ili mtoto azoee kikombe. Amemshonea Nasra kofia. Aliitoa chini ya mto akanionyesha.

Nikamwambia, "Rukia, nilimbeba mgongoni. Alikuwa na homa. Nilikuahidi, nami nikavunja."

Akaigeuza kofia mkononi. "Alinyamaza?"

"Alinyamaza."

"Basi ulifanya vizuri," akasema, lakini kofia akairudisha chini ya mto.

Ndipo nikampa barua. Aliisoma mara mbili, midomo ikicheza. Mtoto akapiga chafya, Rukia akamgusa kifua bila kumtazama.

"Atakayebaki ni nani, bibi?"

"Ni mimi."

"Wewe ulikubali?"

"Nilikubali."

Nilingoja anitukane. Ningepumua. Badala yake alikunja ile barua kwenye mikunjo yake, akasema taratibu, "Afadhali. Angalau Nasra hataletewa mgeni." Kisha akanyoosha mkono. "Nisaini wapi? Una kalamu?"

Kalamu nilikuwa nayo, Afisa Utumishi alinipa. Nikaishika ndani ya mkoba. Na hapo, katika chumba kile kinachonukia liwa na maziwa, nilihisi blauzi yangu imelowa, ingawa ilikuwa kavu na mimi ni mwanamke niliyekoma kuzaa zamani.

"Usisaini," nikamwambia. "Lete hiyo barua."

"Bibi, lakini mama Nasra..."

"Mama Nasra niachie mimi. Wewe maliza arobaini yako."

Nikavuka mto tena siku ileile. Nilimkuta Afisa Utumishi barazani, Nasra anachezea vifuniko vya sufuria miguuni pake. Niliweka barua na nakala yake mezani, zote hazina sahihi. Hakupenda.

"Amekataa?"

"Hakukataa. Aliomba kalamu. Mimi ndiye niliyekataa kumpa."

"Bibi Skola, hii ni nyumba yangu."

"Ni yako, mwanangu, na mtoto ni wako. Nina swali moja la kazini kwako. Karani akienda likizo ya uzazi, mkaleta mtu wa kushika nafasi, na huyo mtu akafanya kazi vizuri hata kumpita mwenyewe. Mwenye nafasi akirudi, mnafanyaje?"

Akaigeuza ile nakala kifudifudi mezani.

"Mnamwandikia barua huyo aliyejifungua?"

"Hatuwezi," akasema hatimaye. "Hairuhusiwi. Anarudi mahali pake."

"Na aliyeshika nafasi?"

"Anashukuriwa, anaondoka."

"Basi nishukuru, mama."

Alinyanyuka akaingia ndani. Nilisikia maji yakifunguliwa jikoni, yakafungwa. Nilidhani anakwenda kuniletea nauli yangu ya mwisho. Niliendelea kukaa kwa sababu magoti yalikuwa yamekataa kuinuka baada ya safari ile. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Mimi mwenyewe nilipomzaa Nasra," akasema, "siku ya kurudi kazini nilikuta mtu kwenye kiti changu. Alikuwa anatumia kikombe changu cha chai. Aliinuka akaniachia, lakini wiki nzima nilijiona mwizi kwenye meza yangu." Akamwinua Nasra, akampangusa vumbi. "Sikumfikiria Rukia hivyo. Kweli sikumfikiria."

Barua zile alizichana vipande vinne.

Rukia alirudi siku yake ilipotimia. Niliomba tukabidhiane tena wiki moja, na Afisa Utumishi akakubali, akanilipa siku hizo. Haikuwa rahisi. Nasra alimkataa. Akimwona anakuja, anajificha kwenye gauni langu. Siku ya pili alimsukuma usoni kwa viganja vyote viwili, na Rukia akaenda kuegemea ukuta wa uani, maziwa yake yamejaa kwa ajili ya mtoto mmoja na huku mwingine hamtaki. Mimi nikafikiri niondoke kimyakimya mtoto akiwa usingizini, kama tulivyofanya zamani.

Rukia akakataa. "Usimtoroke, bibi. Ataamka akutafute, aseme mimi ndiye niliyekufukuza. Muage."

Basi nikamuaga. Asubuhi, mwanga mweupe, nimevaa viatu vyangu, nimeshika kifurushi. Nilichuchumaa kwa shida, nikamwambia Nasra kwamba bibi anakwenda kwake, na dada Rukia yupo. Nikamwinua, nikamweka mgongoni kwa Rukia kwa mikono yangu, nikafunga mbeleko mimi mwenyewe, fundo la mbele. Alilia kwa hasira, akinyoosha mikono. Nilitoka getini nikimsikia. Rukia naye nilimsikia akianza ule wimbo wa kuogea.

Sasa nimestaafu kweli. Naishi Maramba kwa Anastazia, yule niliyemwachisha ziwa akiwa na miezi minne ili nirudi kwenye mlango usiokuwa wangu tena. Tunapanda mihogo na maharage. Wasichana wanaokwenda mjini kufanya kazi za ndani hupitishwa kwangu na mama zao, nami nawaambia yaleyale. Omba mkataba, hata wa karatasi moja. Usome. Ukiwa mjamzito usifiche, nenda kliniki, mpe mwajiri karatasi mapema. Siku ni themanini na nne, na ukijaliwa pacha ni mia moja, na mshahara unaendelea. Ukirudi, una saa zako za kunyonyesha. Wengine hucheka, wakidhani nawapa hadithi ya nchi nyingine. Wengine wananiambia waajiri wao hawatakubali, na najua wapo wasiokubali. Kwa hao kuna ofisi ya kazi, na nawaeleza namna ya kufika.

Mwaka uliopita nilishuka Tanga kununua mbegu. Pale Ngamiani, kwenye kona ya wauza nguo, nikamwona Rukia. Mwanawe anatembea, anavuta ndala ya mama yake. Nasra amekuwa mrefu, nywele zimesukwa mistari, ameshika mkono wa Rukia kwa vidole vyote.

"Nasra, mwamkie bibi. Huyu ni Bibi Skola, alikulea."

Mtoto alinitazama kwa makini. Alitazama viatu vyangu, akatazama mfuko wangu wa mbegu, akatazama uso. Kisha akaingia nyuma ya baibui la Rukia, akabaki humo.

"Mwache," nikasema. "Hanijui."

"Ana haya tu, bibi."

"Hana haya. Hanijui, na ndivyo inavyotakiwa."

Tukasimama tukiongea, watu wanatupita. Kabla hatujaagana, mkono mdogo ukatoka nyuma ya baibui, ukagusa mfuko wangu, na sauti ikamwuliza Rukia ndani humo ni nini. Rukia akamwambia ni mbegu za maharage. Nasra akaridhika, akaurudisha mkono, wakaendelea na safari yao. Mimi nilisimama pale mpaka walipokata kona, halafu nikaenda kutafuta basi la Maramba.